Jiwe la Manka Halikuwa Chafu

Manka ana jiwe. Ni dogo, lina vishimo, tena ni jeusi tii.

Alilipaka masizi ya sufuria, mwenyewe, kwa vidole vyote kumi.

Kesho shuleni, katika igizo la sayari, watoto watazunguka jua. Kito atabeba Mirihi nyekundu. Aika atabeba Mshtarii kubwa. Manka atabeba asteroidi.

Asteroidi ni jiwe la angani. Hii ya Manka inazunguka mbali, karibu na Mshtarii, na ni nyeusi kama mkaa.

Shangazi Ndeshi hapendi masizi. Sufuria zake zinang'aa mpaka unaona meno yako.

Akaliona jiwe mezani. Akachota majivu. Kwaru, kwaru, kwaru.

Manka akarudi kutoka kuoga.

"Shangazi, nani ameosha jiwe langu?"

"Mimi. Lilikuwa chafu."

"Halikuwa chafu. Lilikuwa jeusi."

Manka akakasirika. Akakasirika kuanzia kisiginoni mpaka utosini.

Akakimbilia jikoni. Akageuza sufuria ya kwanza. Inang'aa. Ya pili. Inang'aa. Ya tatu nayo inang'aa. Masizi yote yamekwenda na maji.

Manka akakasirika tena. Akakasirika kuanzia kisiginoni mpaka utosini.

"Hukuniuliza," akasema. "Ungeuliza, ningekuambia."

Shangazi akalitazama jiwe.

"Kweli sikuuliza. Nisamehe, mama."

"Bado nimekasirika."

"Kasirika tu. Lakini niletee kuni mbichi."

Kuni mbichi zina moshi mwingi. Fuu, fuu, fuu, Shangazi akapuliza. Machozi yakamtoka.

Akashusha sufuria ya wageni, ile isiyoguswa na mtu. Akaitia maji. Akaibandika kwenye moshi.

Sufuria ya wageni ikawa nyeusi.

Ilipopoa, Manka akasugua jiwe chini yake. Kwaru, kwaru, kwaru. Jiwe likawa jeusi tii.

Hasira ikashuka. Ikapita mabegani, ikapita magotini, ikatokea kisiginoni.

Manka akalala, jiwe likiwa chini ya shavu lake.

Asubuhi, foronya nyeupe ya Shangazi ilikuwa na madoa meusi. Shavu la Manka pia.

Shangazi akakasirika. Akakasirika kuanzia kisiginoni mpaka utosini. Akashika sabuni.

Kisha akaiweka chini.

"Manka, foronya hii niifue, au nayo inakwenda shule?"

"Fua tu, Shangazi."

Manka akachukua jiwe lake jeusi, akaenda kuzunguka jua.