Nani Anamchagulia Bakiri Nyimbo?

"Namba tatu, ndugu zangu, ni amapiano. Imetoka Ijumaa hii, bado ya moto. Besi yake ya taratibu, haikupigi kichwani. Hii isikilizeni mkiwa mnasukana. Kabla hamjafika kisogoni, itakuwa imeshawaingia."

Mwanaasha aliacha kukanyaga cherehani. Sauti ilikuwa ya mumewe, inatoka kwenye simu yake mezani. Na mumewe mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, anamalizia chai.

"Bakiri."

"Naam, mke wangu."

"Mambo ya kusukana wewe umeyajulia wapi?"

"Ni maneno tu, Asha. Watu wamefungiwa ndani, wanataka kuchangamshwa."

"Na amapiano?"

"Imefanyaje?"

"Miaka sita nakaa na wewe. Kwenye simu yako sijawahi kusikia kitu zaidi ya taarabu na kaswida. Leo unaijua mpaka amapiano iliyotoka Ijumaa?"

Bakiri alicheka kidogo, akainama kufunga kamba za viatu.

"Ananitumia Placide, yule Mkongo wa getini kazini. Yeye ndiye mtu wa muziki. Haya, niache niwahi."

Akavaa barakoa, akachukua begi na kibali chake cha kazi, huyo akaondoka.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu ya lockdown. Johannesburg ilikuwa kimya. Msikiti wa mtaani kwao Mayfair ulikuwa umefungwa, maduka ya nguo yamefungwa, na mwenye kibali tu ndiye aliyetoka. Bakiri alikuwa mlinzi wa ghala moja Newtown, kwa hiyo alitoka kila siku. Mwanaasha, fundi cherehani, alibaki nyumbani akishona barakoa.

Kundi la WhatsApp Bakiri alilifungua siku ya pili ya kufungiwa. Kila asubuhi alituma nyimbo mpya tano na maelezo yake kwa sauti: rumba kwa Wakongo, injili kwa wa kanisani, bongo fleva kwa vijana wa Dar, amapiano, na taarabu ya kufungia. Watanga, Wakongo, Warundi, watu karibu mia mbili walikuwa wakimsubiri. Kila mtu alimsifu. Mwanaasha naye alijivunia, mpaka alipoanza kusikiliza vizuri.

Simu ikaita. Ilikuwa Zuhura, rafiki yake, anayekaa mtaa wa pili.

"Shoga, umemsikia shemeji leo? Eti mkiwa mnasukana!"

"Nimemsikia."

"Mimi simo. Ila juzi kwenye ule wa injili alisema nini? 'Huu unamfaa aliye peke yake chumbani, anayemsubiri mtu.' Nani huyo yuko peke yake chumbani, Mwanaasha? Wewe si uko naye?"

"Anasema nyimbo anatumiwa na Placide."

"Placide ana nywele za kusuka?"

Mwanaasha alikata simu, akajaribu kushona. Barakoa nne zikaenda upande, akazifumua zote.

Jioni ile Bakiri alirudi saa kumi na moja na nusu kama kawaida, akaingia kuoga. Maji yalipoanza kumwagika, Mwanaasha aliichukua simu ya mumewe. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo tangu aolewe.

Jina lilikuwa pale juu kabisa: *Placide Getini*. Akafungua.

*"Ya leo: 1 rumba, 2 gospel, 3 piano. Hiyo ya 3 ni fire!!! Usisahau kusema ya kusuka."*

*"Sawa kipenzi. Umekula?"*

*"Nilikula mkate. Merci papa. Kesho ukuye mbio, niko naogopa hapa peke yangu. Na ulete ile kitu yangu, iliisha."*

*"Nitaleta. Usimfungulie mtu yeyote."*

Kipenzi. Mwanaasha alisoma neno hilo mara tatu. Akapanda juu kwenye ujumbe wa zamani, akakuta wa wiki tatu nyuma: *"Geti jeusi, mtaa wa Sita, La Rochelle, karibu na duka la spaza. Chumba cha nyuma."* Akainakili namba ya simu kwenye karatasi ya kukatia mitindo.

Begi la kazi lilikuwa mlangoni. Alilifungua. Chini ya koti la ulinzi kulikuwa na mkate, maziwa, na pakiti ya pedi. Si zile anazotumia yeye.

Maji yakakatika bafuni.

"Asha, nipe taulo!"

Alimpelekea. Alimwangalia usoni, naye akamtabasamulia kama kila siku. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake Bakiri alipoondoka tu, Mwanaasha alimtafuta Placide wa kweli. Namba yake alikuwa nayo tangu alipomshonea nguo za harusi ya binti yake.

"Placide, za kazi? Nilitaka nikushukuru kwa nyimbo."

"Nyimbo gani, mama? Mimi nasikilizaka mahubiri tu."

"Si unamtumia Bakiri?"

"Bakiri?" Placide akasita. "Mama, mie sipende matatizo."

"Niambie tu anatoka kazini saa ngapi."

"Tangu lockdown ianze tunatoka saa nane. Ye anashika njia ya kusini, na mguu. Sijuwe anaendaka wapi. Pardon, mama."

Saa nane. Na nyumbani anaingia saa kumi na moja na nusu.

Alimpigia Zuhura.

"Anaitwa papa, Zuhura. Ameandikiwa 'merci papa'."

"Basi yamekwisha! Wanawake wa Kikongo waume zao ndivyo wanavyowaita. Tena amemnunulia na pedi? Huyo si wa kupita, huyo amewekwa ndani."

"Nakwenda."

"Unakwenda wapi na wanajeshi wamejaa barabarani?"

"La Rochelle, kule kusini."

Alifunga barakoa hamsini kwenye mfuko, akapanda taxi ya asubuhi. Taxi, daladala za huko, zilikuwa zinasimamishwa saa nne, kwa hiyo alikuwa na muda mfupi. Kwenye kizuizi askari mmoja alichungulia ndani, akamuuliza anakwenda wapi. Mwanaasha akafungua mfuko, akamwonyesha barakoa. Askari alichukua mbili, akawapisha.

Njiani kote alipanga maneno. Alijua atakachomwambia huyo mwanamke. Alijua mpaka sauti atakayotumia.

Geti jeusi aliliona. Akazunguka nyuma. Muziki ulisikika kwa ndani, ile ile besi ya taratibu. Akagonga.

Muziki ukazimwa.

"Fungua. Nimetumwa na Bakiri."

Kitasa kikazungushwa, mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa msichana mwembamba, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Miaka kumi na tano, hata kumi na sita haijafika.

"Mamako yuko wapi?" Mwanaasha aliuliza.

"Mama iko Lubumbashi, aunty. Alienda kuzika baba yake. Mipaka ikafungwa."

"Unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Na Bakiri anakuja hapa kwa nani?"

"Kwangu."

Mwanaasha alishika ukuta. Njiani alikuwa amefikiria kila aina ya mwanamke, lakini hili hakulifikiria. Mtoto mdogo kiasi hiki! Kipenzi. Usimfungulie mtu yeyote.

"Amekufanya nini? Niambie, usiogope. Amekugusa?"

Msichana alirudi nyuma, macho yamemtoka.

"Eish, no! Aunty, no! Ye njo papa yangu!"

"Nyie wote mnawaita papa!"

"Papa yangu wa kunizaa!"

Akakimbilia kitandani, akatoa picha chini ya mto. Bakiri alikuwa kijana humo, mwembamba, masharubu yameanza tu, amembeba mtoto mchanga kama mtu aliyekabidhiwa yai. Nyuma ya picha kulikuwa na maandishi ya Kifaransa, na jina moja alilolijua: *Bakiri et Sagesse*.

Mwanaasha alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimtazama msichana tena, safari hii taratibu. Masikio yale. Paji lile la uso.

"Wewe ndiye Sagesse?"

"Ndiyo."

"Na nyimbo?"

"Mimi ndiye nachagua. Papa hajue kitu," msichana akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Natafuta mpya, namtumia. Ye anaziongelea na Kiswahili chake kizuri, mimi nasikiliza, najifunza. Mama alisema Kiswahili yangu ni aibu."

"Unakaa peke yako tangu lini?"

"Wiki ine. Mwanaume wa chumba cha mbele anagongaka mlango." Tabasamu likapotea. "Mama alisema papa anipeleke kwake. Papa anasema bado, bibi yake wa ndoa hajue."

Hapo ndipo hasira ya Mwanaasha ilipobadilika sura. Haikupungua, ila ilihama.

"Nipe simu yako."

Bakiri alipokea mara moja. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao Mwanaasha hakuwahi kuusikia.

"Mwanangu, umeamkaje? Amekusumbua tena yule?"

"Siyo mwanao. Ni mkeo."

"Asha..."

"Usije La Rochelle leo. Hutamkuta mtu. Sagesse, kunja nguo zako."

Bakiri aliingia nyumbani saa tisa, jasho linamtoka. Sagesse alikuwa chumbani amelala. Mwanaasha alikuwa amekaa kwenye cherehani, lakini hakuwa anashona.

"Kaa."

Akakaa.

"Ulipokuja kunioa, baba yangu alikuuliza una mtoto. Ulisema nini?"

"Nilisema sina. Niliogopa, Asha. Nilikuwa na mtoto kwa Denise, nje ya ndoa, na mamake si wa dini yetu. Mzee angenifukuza."

"Hiyo ni siku moja. Hii miaka sita?"

Bakiri aliangalia viganja vyake.

"Kila mwezi ulikuwa unalia hujashika mimba. Hospitali ukaenda peke yako, mara tatu. Ulikuwa unasema labda tatizo ni langu, labda ni lako, hakuna anayejua. Ningesema nina mtoto, ungejua. Nikaona bora usijue."

"Kwa hiyo mimi nalia, na wewe jibu unalo."

"Nilitaka kukulinda."

"Ulijilinda mwenyewe!" Sauti ilimpanda, akakumbuka mtoto amelala, akaishusha. "Ungeniambia, ningelia mara moja nikamaliza. Na mtoto wa watu unamfungia chumbani, watu wanamgongea mlango, kisa unaniogopa mimi? Mimi ni jini, Bakiri?"

Alikuwa analia sasa, na Bakiri naye. Alinyoosha mkono, Mwanaasha akausukuma.

"Piga simu Tanga. Mwambie baba. Sasa hivi, na uweke sauti nje."

"Asha, tafadhali..."

"Ama unapiga wewe, ama napiga mimi nikimwomba nauli ya kurudi mipaka ikifunguliwa."

Alipiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko corona vipi?"

"Baba, nilikudanganya."

Alieleza yote, huku akikwama kila sentensi ya pili. Mzee Muhammad hakumkatiza. Alipomaliza, kilisikika kikohozi tu, kisha:

"Mwanaasha yupo hapo?"

"Nipo, baba."

"Umesikia uongo huu?"

"Nimeusikia."

"Unasemaje? Maana ndoa ni yako, si yangu."

Mwanaasha alifuta uso kwa kitambaa cha barakoa.

"Nasema mtoto anakaa hapa mpaka mamake arudi. Na akirudi, mlango uko wazi. Huyu baba yake bado sijamaliza naye."

"Basi usimalize kwa hasira," mzee akasema. "Na wewe Bakiri, nitakusamehe siku binti yangu atakaponiambia amekusamehe. Si kabla."

Bakiri alilala sebuleni, kwenye godoro chini. Mwanaasha na Sagesse walichukua kitanda. Usiku wa kwanza hawakuongea. Wa pili Mwanaasha alimalizia kumsuka ile nusu ya kichwa iliyobaki. Wa tatu Denise alipiga kutoka Lubumbashi, na wanawake wawili waliongea saa nzima. Denise alimshukuru, akamwomba radhi, kisha wakamsema Bakiri kwa pamoja mpaka kifurushi kikaisha.

Bakiri aliswali, akafua, akapika, na hakuomba chochote. Simu yake aliiacha mezani mchana kutwa, wazi.

Usiku wa kumi na mbili Sagesse alitoka chumbani amekumbatia mto na blanketi.

"Papa, amuka. Mama mudogo anapigaka mateke. Mie nalala hapa."

Bakiri alisimama, hajui aende wapi. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Mwanaasha alikuwa ameketi kitandani, mtandio begani.

"Sijasahau," akamwambia.

"Najua."

"Kesho asubuhi nampigia baba, nimwambie lile analolisubiri." Akasogea upande wa ukutani. "Funga mlango, baridi inaingia."