Picha Isiyo na Rangi

Siku Gracien Kabemba alipokutana na Kapinga, hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia kivuli.

Soko la Kolwezi lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Malori ya shaba yalipita barabarani na kutimua vumbi jekundu, likatua juu ya nyanya, juu ya samaki wakavu, hadi kwenye kope za watu. Gracien alikuwa amechuchumaa kama mtu aliyeangusha ufunguo, simu mkononi, akipiga picha ya kivuli cha mwavuli wa muuza chumvi. Ghafla kivuli kikaingiliwa na viatu vya bluu, na juu ya viatu hivyo gauni la kitenge cha njano, lenye ndege weusi, lililomkaa mwenyewe vizuri hata muuza chumvi akasahau kuhesabu chenji.

"Tata, unanipiga photo?"

"Hapana, mama. Nilikuwa napiga kivuli. Si miye, weye njo uliingia."

"Aa! Soko nzima, mi napita, njo niliingia mu kivuli yako?" Alishika kiuno. "Tosha ile photo, ifute. Ao, leta nione kwanza."

Gracien akampa simu. Kapinga akaitazama picha, na ule mdomo wa kugombana ukajifunga taratibu. Pichani alikuwa ameinama kidogo, nusu ya uso gizani, nusu kwenye jua, na njano ya gauni ikiwaka katikati ya vumbi.

"Ni miye huyu?"

"Ni weye."

"Sikuyua niko vile." Akamrudishia simu, halafu akainyang'anya tena. "Usitoshe. Unitumie."

"Sina numéro yako."

"Njo namna yenu, banaume ba téléphone," alisema akicheka, na namba akaitaja.

Huyu Gracien tumseme kidogo, maana wanaume wa namna yake hawasemwi sana. Alikuwa dereva wa lori kubwa mgodini. Alitoka mbali, akapanga chumba kimoja, na hakuna aliyemngoja humo. Mtu asiye na wa kumsimulia habari za leo hutafuta pa kuziweka, naye aliziweka ndani ya simu: sufuria iliyoungua, kamba ya nguo za jirani, dimbwi la mvua lenye mawingu. Kila asubuhi aliweka picha moja kwenye statut yake ya WhatsApp, kisha akaacha simu kwenye lango la mgodi, kwa kuwa simu haziruhusiwi ndani. Jioni, wenzake wakipokea simu za wake zao, yeye alikuwa anaangalia ni nani ameitazama picha yake.

Kapinga naye alikuwa peke yake kwa namna nyingine. Alikaa mtaa wa Kapata, katika zile safu za nyumba ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba yake akaendelea nayo na akafia humo humo Kapata. Mama yake, mama Angèle, alihamia Lubudi kulima mahindi. Nyumba ikabaki na vyumba vyake vyote, na binti mmoja na cherehani ya miguu. Alishonea wanakwaya wenzake, alishonea majirani, na wote walimwita "maman couturière". Mlangoni waliingia kupima na kuchukua. Wa kuketi tu hakuwepo.

Basi wawili hao wakaanza kupigiana simu, na maneno yao hayakuwa makubwa.

"Chérie, ulikula?"

"Nilikula. Na weye?"

"Nitakula nikitoka ku kazi."

"Bongo, unadanganya! Unipigie photo ya ile chakula, nione."

Kila Jumapili Gracien alikwenda Kapata kwa pikipiki na kumpiga picha akishona, akimenya vitunguu, akimzomea kuku. Kapinga, ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemwangalia bila kumpimisha kitambaa, alijisikia anarudi mwilini mwake. Alimpenda Gracien, tena upesi kuliko alivyotaka kukubali.

Siku moja Kapinga alimwambia kwenye simu, "Unitumie photo yako weye, nitie ku écran ya téléphone yangu."

"Sina."

"Uko na maphoto simu nzima, ya yako hakuna?"

"Iko ile ya carte de service tu, ya kuingilia ku kazi. Nani atanipiga, mama?"

"Dimanche nitakupiga miye."

Lakini Jumapili ilipofika, mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri mno usoni pa Kapinga. Gracien akaishika simu yeye, na ile ahadi wote wawili wakaisahau.

Kosa lilianzia kwenye groupe ya wapiga picha wa simu. Jamaa mmoja humo alikuwa anawafundisha wenzake kwamba rangi inauficha uso, na kwamba picha ikitaka kusema kweli, itolewe rangi. Gracien aliyameza maneno hayo yote. Asubuhi moja, akiwa kwenye foleni ya lango, alichukua ile picha ya sokoni, akaiondoa rangi, akaona macho ya Kapinga yametulia na kuwa na kina, akasisimka. Hakuona la kuandika chini yake. Akaiweka kwenye statut kavu hivyo hivyo, akaacha simu langoni, akaingia kazini akipiga mluzi.

Msomaji wa Kolwezi ameshaelewa. Kwetu, mtu akifa, picha yake huwekwa kwenye statut bila rangi, na mara nyingi bila neno, maana aliyeiona hahitaji kuelezwa. Watu waliijua nyumba aliyokuwa anaiendea Gracien kila Jumapili. Walipoiona ile picha waliinakili, wakaipeleka kwenye groupe ya kwaya, na kutoka kwaya ikafika Lubudi kabla jua halijapanda.

Kapinga mwenyewe hakujua kitu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na simu yake ilikuwa imezimika. Alifungua mlango, akaketi kwenye cherehani, akashona kutwa. Aliimba kidogo. Hakuna aliyebisha hodi.

Jioni alisikia kilio kinatoka barabarani. Alitoka kwenda kutazama ni msiba wa nani, akamwona mama yake anakuja mbio, kitambaa cha kichwa kimefunguka, kiatu kimoja hakipo, analiita jina lake.

"Kapinga wangu ee! Kapinga, umeniacha na nani!"

"Mama? Mama, niko hapa!"

Mama Angèle alisimama, akamgusa mwanawe uso, mabega, mikono, kisha akaketi chini mavumbini.

Umeme uliporudi Kapinga akawasha simu. Groupe ya kwaya ilikuwa imejaa mishumaa na nyuso za machozi. "Pumzika kwa amani, dada yetu." "Sauti ya pekee." Mwingine aliandika: "Kikwembe yangu ya gauni iko kwake, nani atanirudishia?" Na wengi waliuliza programme, yaani kilio kiko wapi na maziko lini. Aliyasoma yote hadi mwisho. Watu hao wote walikuwa wa Kapata, wengine nyumba ya tatu kutoka kwake.

Mama Ntumba, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuja akijitetea kabla hajaulizwa. "Mi niliona photo asubuhi, mwanangu. Nikachungulia ku dirisha, nikaona hakuna biti ya kuikalia batu ba kilio inje. Nikasema, basi kilio iko fasi ingine, haiko hapa."

Wakati huo huo Gracien alikuwa langoni mwa mgodi, simu imejaa pole na rambirambi. Alipoelewa, alicheka mpaka wenzake wakageuka. Akafuta picha, akapiga.

"Chérie! Banakuua!"

Upande wa pili Kapinga alikuwa bado anampangusa mama yake vumbi.

"Allô? Kapinga? Weye ni mutu wa kufufuka!"

"Mama eko hapa," alisema Kapinga. "Alitoka Lubudi akilia."

"Aa, mama alikuya? Unisalimie mama."

"Gracien. Kuya hapa."

"Leo? Niko choka, mama. Vumbi tupu. Dimanche nitapita, tutacheka muzuri."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupita, na picha ya Kapinga kwenye WhatsApp ilikuwa imegeuka kichwa cha kijivu kisicho na uso. Alikuwa amemfungia.

Jumapili alikwenda. Mlango ulifunguliwa kiasi cha sura kupita.

"Nisamehe ile photo, chérie. Nilisahau namna batu banafanyaka."

"Kazi iko mingi," alisema Kapinga. Amevaa gauni la kijivu, sindano mdomoni, macho yamevimba. Mlango ukafungwa, na cherehani ikaanza kulia kwa nguvu ndani.

Zikafuata wiki ambazo Gracien hakupiga picha hata moja. Aliona dimbwi, akaliruka. Chumba chake, ambacho zamani hakikumsumbua, sasa kilimtisha. Aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuelewa. Picha ameifuta, msamaha ameomba; kitu gani kimebaki?

Mwisho alichukua siku ya mapumziko, akapanda gari la kwenda Lubudi.

Mama Angèle alikuwa anapukuchua mahindi uani. Alimtambua bila kuelezwa, akamsukumia kigoda kwa mguu.

"Weye njo ulimuua mwanangu."

"Ni miye, mama. Nimekuya kuomba pardon."

"Mi nililia njia yote, tata. Ile machozi nani atanirudishia?"

Gracien akaketi, akachukua hindi, akaanza kupukuchua naye. Waliendelea hivyo mpaka beseni likajaa nusu.

"Unazani ana kasirani ya photo?" mama akauliza, sauti imelegea.

"Si ni photo, mama?"

"Photo ni kitu gani? Batu banakufa kila siku mu statut. Kapinga alikufa asubuhi mpaka mangaribi, na hakuna hata mutu moja alikuya ku mulango. Hata wa kuulizia kikwembe yake! Aliniuliza, 'Mama, siku yenye nitakufa kweli, nani atakuya?' Kisha weye ukapiga simu. Alikuambia nini?"

Gracien aliweka hindi chini. "Aliniambia kuya."

"Na weye?"

"Nilisema dimanche."

Mama Angèle akachukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua.

Jumamosi iliyofuata, mchana jua linawaka, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya Kapinga. Gracien alishuka na kiti cha plastiki alichokuwa amekikumbatia njia nzima. Alivaa shati jeusi lililopigwa pasi. Hakubisha hodi. Aliweka kiti uani, chini ya dirisha, akaketi, mikono juu ya magoti, kama wanaume wanavyoketi msibani.

Cherehani ikanyamaza. Kapinga akatokea mlangoni, futi shingoni, gauni la njano mwilini, maana lile la kijivu lilikuwa kwenye kamba.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuya ku kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya Kapinga. Banasema alikufaka. Nilichelewa." Aliinua macho kumtazama. "Ulisema kuya, mi nikasema dimanche. Chérie, sikupashwa kusema dimanche. Nilipashwa kuya na miguu."

Kapinga alitaka kucheka, akatokwa na machozi. Aliegemea mlango na kulia wazi wazi, kile kilio alichokifungia ndani tangu siku ile. Gracien hakuinuka kumzuia. Alikaa tu, kwa kuwa kukaa ndiko kulikomleta.

Ng'ambo ya njia mama Ntumba aliona kiti nje, mwanaume wa shati jeusi, na Kapinga analia. Safari hii hakuchungulia dirishani. Alivuka njia akiburuta kiti chake.

"Nani anakufa?"

"Hakuna, mama," alisema Gracien.

"Hakuna? Sasa muko nafanya nini?"

"Tunaikala tu."

Mama Ntumba aliwatazama wote wawili, akatazama kiti alichokwisha kukiburuta, akaona aibu kukirudisha. Akaketi. Baada ya muda akasema taratibu, "Mi ilipashwa niikale hapa ile siku." Kapinga akaingia ndani, akatoka na thermos ya chai.

Mama Ntumba alipokwisha kunywa na kuondoka, kiti chake alikiacha pale. "Nitarudia kesho," alisema.

Kapinga akaketi kwenye kiti hicho, karibu na Gracien, magoti yakigusana.

"Ulitosha rangi yangu," alisema. "Mi njo nilishona ile kikwembe. Njano ile niliitafuta soko nzima."

"Ni kweli."

"Na weye, siku unakufa, batatia photo gani?"

"Ile ya carte de service."

"Ile yenye unafanana na mwizi?" Akanyosha mkono. "Simama pale. Pale ku jua."

"Kapinga, mi siyue kupigwa."

"Simama!"

Alisimama kando ya ukuta wa matofali, hajui mikono aitie wapi. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaishika pamoja. Kapinga akainua simu yake mwenyewe, ile yenye kioo kilichopasuka, akafunga jicho moja kama anatunga uzi.

"Usinicheke," alisema Gracien.

"Sikucheki. Nakuangalia."

Akapiga. Kisha akainama juu ya simu, akaandika kwa muda mrefu kwa kidole kimoja, akamfungulia alipomfungia. Simu ya Gracien ikatetemeka mfukoni. Akaitoa. Kwenye statut ya Kapinga alimwona mwanaume wa shati jeusi amesimama kwenye jua, ukuta mwekundu nyuma yake, macho yamejaa machozi, rangi zote zipo. Chini yake kulikuwa na maandishi: "Huyu ni bwana yangu. Eko muzima."

"Bwana?" aliuliza polepole.

"Uko na neno?"

"Hapana." Akarudi kwenye kiti chake, akaketi, akaitazama tena ile picha. Hakuwahi kuiona sura yake kwenye statut ya mtu mwingine.