Kaswera Akimbia Kabla ya Sataranji

Kaswera aliuza vitambaa pamoja na mume wake, Muhindo, katika soko la Tshopo, mjini Kisangani. Kutwa alikaa kitini. Jioni alicheza sataranji kwenye klabu ya mtaa, mwanamke pekee kati ya wanaume.

Alianza kila mchezo vizuri. Lakini mchezo ukirefuka, macho yakawa mazito na mkono ukakosea. Siku moja alikaribia kumshinda Maurice, bingwa wa klabu. Ghafla akamwachia bure malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote.

Maurice akacheka mbele ya wote. "Bon, kichwa ya mwanamuke haivumilie. Rudia vitambaa yako, mama!"

Kaswera alifika nyumbani akichemka kwa hasira. Jirani yake Virginie, anayewafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo, akamsikiliza.

"Kichwa yako iko muzuri," Virginie akasema. "Ni mwili ndiyo inachoka. Ubongo unakula kupitia damu, na damu inasukumwa na moyo. Ukikaa kutwa, moyo unazoea uvivu. Mchezo ikikuwa murefu, unachoka mwili wote, na mawazo inatawanyika."

"Donc nifanye nini?"

"Kila asubuhi utembee haraka. Kisha ukimbie polepole. Ulale vizuri, unywe maji, usiende kucheza na njaa. Lakini usiache kujifunza mchezo. Mbio haitakuchezea."

Kulipokucha, Kaswera alishika barabara ya daraja la mto Tshopo. Watu wakamcheka. "Mama, nani anakufukuza?"

"Hakuna! Ni mimi ndiye ninafukuza mutu!" akajibu, wala hakupunguza mwendo.

Muhindo naye alilalamika kwamba majirani wanamsema.

"Waseme," Kaswera akamwambia. "Wewe fungua duka, nakuja."

Miezi ikapita. Akaweza kupanda mwinuko wa barabara bila kuhema, na usiku akalala fofofo. Hakuacha kujifunza mchezo.

Katika mashindano makubwa ya klabu, mchezo wa mwisho ulikuwa wake na Maurice. Chumba kilikuwa na joto kali. Saa zikapita. Maurice akaanza kujifuta jasho, akasogeza kete yake ya ngome harakaharaka. Kaswera akaona kosa. Akapumua taratibu, akahesabu tena, akaichukua ile ngome. Punde mfalme wa Maurice hakuwa na pa kukimbilia.

"Leo umepata bahati tu," Maurice akanung'unika, akiinuka.

Kaswera alikuwa ameshaanza kurudisha kete mahali pake.

"Kaa, papa Maurice," akasema. "Tucheze ingine."