Kanga Yangu Gereji, na Petroli Tupu

Nina miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Lushoto. Haya yalinikuta Lanham, Maryland, miaka ya elfu mbili na kitu, nikifanya kazi ya kutunza wazee majumbani kwao. Msinihurumie, nasimulia mjifunze.

Mume wangu Salehe alikuwa fundi wa jengo moja la ofisi kule Arlington. Siku za mapumziko alishinda gereji akiunda injini yake. Alitaka kwa mwendo wa kawaida iende kwa mapigo manne, inywe petroli kidogo. Ikilemewa ihamie mapigo mawili, ipate nguvu. Miaka mitatu hiyo! Nilivumilia... waume wa wenzangu si wanalewa?

Kisha akaja Njeri, Mkenya, mwanafunzi wa uhandisi pale College Park, kumsaidia mahesabu. Ikawa Njeri kasema hivi, Njeri kagundua vile. Mimi niliyempikia miaka tisa, aliwahi kunisifu kwa lipi?

Jumamosi moja nikawakuta wanacheka, Njeri kajifunga kanga yangu asichafuke oili. Kanga niliyopewa na mama siku ya harusi! Akanisalimu, "Uko poa, dada?" Nikatoa meno, moyoni nachemka.

Nilichofanya nilikijua. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, na tangu utoto mimi ndiye niliyemchanganyia petroli na oili ya msumeno wake. Ukitia petroli tupu, injini inanoki, haizunguki tena. Ya Salehe nayo ilitumia mchanganyiko huo. Asubuhi ya kuwaonyesha walimu wa Njeri, nikamwaga mafuta ya dumu lao, nikajaza petroli tupu.

Ikanoki mbele ya watu. Mchanganyaji alikuwa Njeri. Akalia, akasema labda alisahau oili. Salehe akamfukuza. Nami niliyejua ukweli nikampakulia mume wangu wali.

Wiki ile Njeri akaja Salehe akiwa kazini. Kanga kaifua, kaipiga pasi. Akaniomba radhi: Salehe ndiye aliyempa, akidhani ni kitambaa cha kufutia mikono. Akasema pia kipimo chao cha oili kilikuwa changu, kwamba Salehe hakuchoka kumsimulia habari za mke wake aliyejua kuchanganya mafuta tangu mtoto.

Salehe aliporudi nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. "Nimemfukuza mtoto wa watu kwa kosa lako," akasema, akavaa viatu kwenda kumtaka radhi. Kwangu hakurudi, talaka ilinifuata baadaye.

Wenzangu, wivu ukiwashika, ulizeni kwanza. Mimi swali moja lingenitosha: kanga yangu imefikaje gereji?