Kufuli la Fundi Abeli

Maiti ya fundi Abeli ilikuwa imeketi nyuma ya mashine kubwa ya kufulia, mgongo ukutani, bisibisi kando ya mguu. Kiganja cha kulia kilikuwa na alama nyeusi ya kuungua.

Inspekta Restuta Mazengo aliitazama ile alama, kisha akazunguka upande wa pili kuikagua swichi ya mashine. Ilikuwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli, na kibao kikining'inia: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI.

 Mtu ameuawa na umeme, na umeme wenyewe umefungwa kwa kufuli!

"Nani alimkuta?"

"Mimi, afande," alijibu Cornel, msimamizi wa kiwanda hicho kilichokuwa kikifua mashuka ya mahoteli, pale Nkuhungu. "Mashine hizi hubaki na umeme tumboni hata ukizima. Hakusubiri uishe. Ni ajali tu ya kazini."

Mwenye kiwanda, Bwana Murtaza Hasanali, alikuwa ameegemea mlango, macho mekundu. "Abeli hakuwa mtu wa kuharakisha, Inspekta. Hagusi hata skrubu kabla hajafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe."

Sajini Joel akapekua mifuko ya marehemu. Akatoa simu, leso na ufunguo mdogo wenye uzi mwekundu.

"Ndio huo wa kufuli," alisema Murtaza. "Hamwachii mtu."

Restuta akaujaribu. Haukuingia hata nusu. Akaugeuza. Wapi!

Akamsogelea Joel, akanong'ona, "Hili kufuli si lake. Lindeni geti. Asitoke mtu bila kupekuliwa."

Mchana huo Sabrina, mhandisi wa umeme aliyeitwa na polisi, alichungulia ndani ya mashine kwa tochi.

"Msimamizi anasema umeme ulibaki ndani," alisema Restuta.

"Unabaki kweli, kwenye kifaa kinachoendesha mota. Lakini tazama. Ameungulia kwenye skrubu za nyaya zinazotoka moja kwa moja kwenye swichi. Hapa umeme haubaki, afande. Ama upo, ama haupo."

"Kwa hiyo mtu aliwasha."

"Aliwasha, akazima tena." Tochi ikasimama. "Loo! Na huu umeungwa na nani?"

Ulikuwa waya mfupi wa buluu.

"Unaidanganya mashine kwamba mlango umefungwa," alieleza Sabrina. "Hata mlango uwe wazi, pipa linazunguka tu."

Tabu, mmoja wa wanawake wafuaji, alikuwa amesimama karibu.  "Basi mama Dorkasi alisema kweli," alisema. "Hii ndiyo mashine iliyomkata mkono."

Restuta hakungoja. Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani kwa Dorkasi, Miyuji. Dorkasi alimpokea barazani, mkono wa kushoto ukiishia kwenye kiwiko.

"Mbukwa, mama," Restuta alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mlango ulifungukaje siku ile?"

"Nilivuta, ukaja. Nikajua imesimama, nikaingiza mkono. Cornel akawaambia watu nimeuvunja mlango kwa haraka zangu. Nikafukuzwa kazi." Akavuta pumzi. "Abeli alikuja juzi. Akaniuliza kama wewe unavyouliza. Akasema, mama, nitaifungua ile mashine nione. Mbona hajarudi?"

 Restuta akamwambia yaliyompata Abeli. Dorkasi alijifunika uso kwa ule mkono mmoja aliobaki nao.

Asubuhi iliyofuata kazi ilirudi katika chumba cha pili, maana mashuka yalikuwa yamelundikana hadi dirishani. Restuta akamketisha Cornel ofisini, ukuta mmoja tu ukiwatenga na mashine.

"Kufuli lile lilitoka wapi?"

"Ni la fundi."

"Ufunguo wake haulifungui."

"Labda alibadilisha."

"Waya wa buluu uliuunga wewe?"

"Waya gani? Mimi si fundi, afande. Mimi ni—"

*Ngo!*

Wote wawili waligeuka. *Ngo! Ngo! Ngo!* Kitu kizito kilikuwa kikigonga pipa la mashine ya chumba cha pili. Restuta akaona rangi ikimtoka Cornel usoni.

"Zima!" Restuta alipiga kelele, keshafika mlangoni. "Tabu, zima hiyo mashine!"

Pipa likasimama. Maji yalipokwisha kutoka, Restuta akafungua mwenyewe, akapekua mashuka hadi mabegani. Akavuta koti la kazi la kijivu. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na kufuli, chuma chake cha kufungia kimekatwa kwa mkasi wa kukatia vyuma.

"Koti la nani?"

"La msimamizi," alisema Tabu. "Nimelikuta chini kabisa kwenye tenga la nguo chafu, nikajua anataka lifuliwe."

Restuta akatoa ule ufunguo wa uzi mwekundu. Ukaingia. Ukazunguka. *Tak.*

Cornel alikuwa amesimama nyuma, Joel kamshika bega. Akaketi juu ya lundo la mashuka.

"Geti lililindwa," alisema polepole. "Sikupata namna ya kulitoa hilo kufuli nje."

"Waya, Cornel."

"Niliuunga mimi. Swichi ya mlango iliharibika, spea haijafika, mahoteli yanapiga simu. Nikasema ni kwa siku mbili tu. Kisha mama Dorkasi akakatika mkono."  "Ningesema nini? Nilisimama mbele ya wote nikasema ni uzembe wake. Wakaniamini. Bosi akanisifu kwa kuokoa kazi siku ile."

Murtaza, aliyekuwa amefika mlangoni, akageuzia uso ukutani.

"Abeli alijua?"

"Alihisi. Aliniambia akiuona waya atamwita bosi auone, na mama Dorkasi aletwe aombwe radhi. Nilimsihi aache. Akafunga swichi, akaingia nyuma ya mashine. Nikakata kufuli, nikawasha. Kisha nikazima, nikafunga kufuli jingine, ionekane alifuata taratibu zake."

"Labda ulidhani hajagusa nyaya bado?"

Cornel alitikisa kichwa. 

"Nilijua ameshazishika. Alikuwa anaimba pambio, kama kawaida yake mikono ikiwa kazini, anarudia ubeti uleule. Nilipoinua swichi, ubeti uliishia katikati."