Bembea za Ng'ambo ya Ziwa

Kila asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye mibuni, Florian alikuwa akichuchumaa mbele ya mlango wa jikoni na kusema, "Haya, panda." Mdogo wake Bonifasia alimshika mabega, akajivuta mgongoni, na safari ya kwenda shuleni ikaanza.

Miguu ya Bonifasia ilipooza kwa ugonjwa wa polio alipokuwa bado ananyonya. Baiskeli ya magurudumu matatu isingefaa kitu kwenye vilima vile vya Mbinga, kwa kuwa njia ilishuka mpaka kijitoni, kisha ikapanda katikati ya mashamba ya ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo. Kwa hiyo Florian, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa miguu ya dada yake. Bonifasia naye alibeba mikoba yote miwili na kumchokoza njia nzima.

"Kaka, mbona leo unahema hivyo? Hukula kiporo?"

"Nimekula. Wewe ndiye uliyekula zaidi."

Mwaka ule wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa, na magari yao yakawa yanapanda milimani kwa kushindana. Bei ilikuwa nzuri kuliko miaka yote ambayo wakulima waliikumbuka. Watu walinunua mabati, redio na magodoro. Wengine walinunua pombe, lakini hao tuwaache na vichwa vyao.

Siku moja mjomba wao Bartholomayo alifika kuwasalimia. Mjomba alikuwa akivuka Ziwa Nyasa kwenda Malawi kununua vitenge na sabuni, na kila kitu cha Malawi kilimpendeza, hata mvua yake. Safari hii alitoa mfukoni karatasi ya tangazo yenye picha. Ilionyesha farasi wa mbao wanaozunguka, na nyuma yao gurudumu kubwa kuliko nyumba, lenye viti vilivyojaa watoto.

"Hizi ni bembea za mashine," alisema. "Mwenye bembea huzileta mjini Mzuzu wakati wa likizo ya Septemba. Unakaa tu, gurudumu linakupandisha mpaka unaona mji wote."

Bonifasia aliishika ile picha kwa muda mrefu. Baba yao, Mzee Joakim, aliyekuwa na furaha ya kuuza kahawa, akamwuliza, "Mwanangu, nikununulie gauni gani mwaka huu?"

"Sitaki gauni, baba. Nataka kukaa kwenye kiti hiki cha juu kabisa."

"Kwa nini hicho?"

"Kwa sababu huko juu hakuna anayetembea. Wote wamekaa."

Mama yao, Otilia, aligeukia moto na kujifuta macho, akidai moshi umezidi. Siku hiyo hiyo baba aliahidi kwamba familia nzima itakwenda Malawi.

Jambo kubwa namna hiyo halikuweza kuamuliwa nyumbani peke yake. Lilipelekwa kwenye sengu, yaani kikao cha jioni ambapo wanaume na wavulana wa ukoo hula pamoja nyumbani kwa babu Raimundi na kuzungumza mambo yao. Hapo safari ilipangwa vizuri, na kwa gharama ndogo. Wangeshuka mpaka Mbamba Bay kwa lori la mahindi la rafiki wa baba. Wangekata tiketi za daraja la chini melini. Kule Mzuzu wangelala kwa wakwe wa mjomba, nao wangebeba unga na maharage yao ili wasiwe mzigo kwa wenyeji.

"Na Bonifasia atapandaje meli?" aliuliza babu.

"Atabebwa tu," alisema mjomba. "Mbona hubebwa kila siku?"

"Basi anayembeba akaone mwenyewe. Florian, mjomba wako anashuka wiki ijayo. Fuatana naye, uulize vizuri, utuletee jibu."

Florian alijibu, "Ndiyo, babu," akajiona amekuwa mtu mzima. Bonifasia wakati huo alikuwa akila na wasichana wenzake kwa bibi, nyumba ya pili. Hakuna aliyekwenda kumwuliza lolote.

Mbamba Bay ilimshangaza Florian. Alizoea maji ya kijito yanayovukwa kwa kuruka, na sasa aliona maji yasiyo na mwisho. Mjomba alipokwenda kutafuta wateja wake, Florian alikaa mchangani akaitazama meli. Haikuja mpaka ufukoni kama alivyodhani. Ilitia nanga mbali kidogo, na watu walipelekwa kwa maboti. Wakifika ubavuni mwa meli, walipanda ngazi ya kamba iliyoning'inia wima. Magunia ya usipa, dagaa wa ziwa hilo, waliokaushwa yalikusanywa ndani ya wavu mkubwa, kisha winchi, mashine ya kuinulia mizigo, ikauvuta wavu juu. Kwenye wavu mmoja alikuwemo mbuzi aliyelia mpaka akapotelea melini.

Baharia mmoja aliyeitwa Bakili alishuka ufukoni. Florian akamfuata.

"Shikamoo."

"Marahaba, kijana. Sema."

"Mtu asiyeweza kutembea anapandaje?"

Bakili alionyesha kwa kidole. "Kwenye wavu ule. Tunamweka vizuri, tunamvuta. Juzijuzi tulimpandisha bibi mmoja, akafika salama."

Florian alikumbuka mwaka uliopita, kwenye ghala la kahawa, vijana walipomnyanyua Bonifasia kwa utani, wakamkalisha kwenye mizani ya magunia na kusoma uzito wake kwa sauti. Watu walicheka sana. Njiani kurudi nyumbani, Bonifasia alimwambia, "Mimi si mzigo, kaka," kisha akalia mpaka shati la Florian likalowa mgongoni.

Florian alijua kabisa kwamba dada yake hatakubali kuingia kwenye wavu ule. Alijua pia kwamba akisema ukweli, huenda safari ikafutwa. Naye alikuwa amekwisha kuwatambia wenzake wote darasani kwamba anakwenda Malawi kupanda gurudumu. Aliitamani safari ile kupita kiasi.

Jioni aliporudi, mjomba akiwa amebaki ufukoni na wateja wake, sengu nzima ilimgeukia.

"Umeonaje?" aliuliza baba.

"Ni rahisi tu, baba. Kuna ngazi nzuri. Nitambeba mgongoni."

Babu alimsifu. Florian aliinamia ugali wake, akaumegamega bila kuula.

Septemba ilifika. Walishuka kwa lori, wakapita kijiji cha Tingi, na Bonifasia akawa anauliza kila mlima jina lake. Mama alikuwa amemsuka nywele. Ufukoni walipanda boti pamoja na mjomba, na boti ikasogea mpaka chini ya meli. Mawimbi yalikuwa yakiiinua na kuishusha. Florian aliitazama ngazi ya kamba ikigonga ubavu wa meli, akaona wazi kwamba hawezi kupanda hapo na mtu mgongoni. Kwa kweli alilijua hilo tangu siku ile ya kwanza, ila alikuwa amejitia hamnazo.

Kisha wavu ukashuka. Ulikuwa unanuka usipa.

"Mpakieni huyo mtoto!" alipaza sauti mtu kutoka juu.

Bonifasia alimshika Florian mkono. "Kaka, huo wavu ni wa nani?"

Kabla Florian hajajibu, yule mtu wa juu akainama kuwatazama. Alikuwa Bakili. "Aa, kumbe ni wewe kijana! Si nilikueleza siku ile? Mkalishe katikati, sisi tutavuta."

Baba alimtazama Florian. Bonifasia naye alimtazama, kisha akauachia mkono wake polepole.

"Ulijua," alisema. Hata hakuuliza.

"Nilisahau kusema," alijibu Florian, akaongeza uongo juu ya uongo.

Hapo kila mtu alianza kusema kwa wakati mmoja. Mjomba alisema wavu hauna ubaya wowote. Baba alimsihi Bonifasia afumbe macho, kwa kuwa ni jambo la dakika moja. Bakili alisema meli haiwezi kusubiri. Bonifasia alifungua mdomo mara mbili, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe alishika ubao wa boti kwa mikono yote miwili na kulia kwa sauti.

"Sitaki kuvutwa na magunia! Nirudisheni! Nirudisheni nyumbani!"

"Turudi," alisema mama.

Mjomba alipanda ngazi peke yake. Meli ilipiga honi, ikang'oa nanga. Familia ilibaki mchangani na unga wao na maharage yao, na Bonifasia hakuinua uso mpaka meli ilipotoweka. Hakika ilikuwa siku ya huzuni kubwa.

Shule zilipofunguliwa, Florian alichuchumaa mlangoni kama kawaida. "Haya, panda."

"Sipandi," alisema Bonifasia.

Alikuwa amevaa ndala mikononi. Alishuka kizingiti, akaanza kutambaa njiani, akiburuta miguu yake kwenye vumbi na mawe. Florian alimfuata nyuma akimbembeleza. Hakujibiwa. Bonifasia alipofika shuleni wakati kipindi cha pili kimeanza, magoti yake yalikuwa yakitoka damu. Kesho yake akafanya vilevile.

Mwanzoni Florian alikasirika. Alijiambia kwamba dada yake ana kiburi. Lakini kutembea njia ile bila uzito wowote mgongoni kulimtesa kuliko alivyodhani. Siku hiyo ya pili jioni alijikaza, akaenda kwenye sengu na kusimama mbele ya wote.

"Nilidanganya," alisema. "Bakili aliniambia habari ya wavu. Nikawaficha kwa sababu niliogopa safari itavunjika."

Baba aliinuka kwa hasira, mkono juu. Wakati huohuo mama yake Florian alikuwa akiingia na bakuli la maharage. Kwa desturi angeliweka na kuondoka. Safari hii hakuondoka.

"Baba Florian, kaa kwanza," alisema. "Mtoto amekosa, na ataadhibiwa. Lakini nina swali. Katika jioni zote mlizopanga safari hii, nani alimwuliza Bonifasia angependa kupanda vipi? Hata mimi mama yake sikumwuliza."

Babu Raimundi alikohoa, kisha akasema, "Mleteni."

Bonifasia aliletwa, akakalishwa mkekani katikati ya wanaume. Hakuna aliyekumbuka msichana kukaa pale.

"Mjukuu wangu," alisema babu, "ile meli ungeipandaje?"

"Kwa ile ngazi, babu. Mikono yangu ina nguvu, kila siku nabeba mwili wangu kwa mikono. Nifungwe kamba kiunoni, wa juu waishike nisianguke, na mtu mmoja awe chini ainue miguu yangu. Ningeweza." Machozi yalimtoka. "Siku ile nilitaka kuwaambia, lakini nyote mlikuwa mnaongea."

Florian alilia pale pale mbele ya wanaume wote, wala hakuona aibu. Alimwomba dada yake msamaha. Kesho yake asubuhi Bonifasia alikubali kubebwa, ila njia nzima hakusema neno.

Msimu uliofuata bei ya kahawa ilianguka. Magari ya wanunuzi yalipita mara chache, na wanunuzi waliokuja walikuwa wagumu kuongeza bei. Fedha zilitosha tiketi mbili tu, ya Bonifasia na ya mama. Safari hii Bonifasia mwenyewe alikaa kwenye sengu wakati wa kupanga. Mjomba alitumwa mapema kuzungumza na Bakili, na kamba ikaandaliwa.

Florian aliomba awe mtu wa chini. Kwenye boti alishika nyayo za dada yake, akaziinua kidato kwa kidato, huku Bonifasia akijivuta kwa mikono, jasho likimtiririka. Alipofika juu, mabaharia walimpigia makofi. Florian alibaki botini pamoja na baba, akapunga mkono mpaka meli ikawa nukta. Alitamani kuwa melini, lakini alifurahi kwamba dada yake anakwenda.

Siku ya kurudi kwao, Florian alikuwa wa kwanza kuingia majini kuipokea boti.

"Ulipanda? Uliona mji wote?"

Bonifasia alimtazama mama. Mama ndiye aliyejibu. "Mwenye bembea hakuja mwaka huu, mwanangu. Wenyeji wanasema aliziuza. Tulikuta uwanja mtupu, umeota majani. Mwaka jana zilikuwepo."

Florian alisimama na maji magotini. Mama alimshika bega.

"Sisemi haya ili nikutese," alisema. "Kuitamani safari hakukuwa kosa, watoto wote hutamani. Lakini kama ungetuambia ukweli siku ile, ungetuhuzunisha jioni moja, halafu tungetafuta njia, na njia ilikuwepo. Uongo wako umetuchelewesha mwaka mzima, na mwaka huo hakuna anayeweza kumrudishia dada yako. Nasi wakubwa tumekosa. Tulimwuliza anataka kwenda wapi, hatukumwuliza atafikaje. Tusirudie tena, wewe wala sisi."

"Nisamehe, Bonifasia," alisema Florian.

"Nilishakusamehe kule kwa babu," alijibu Bonifasia. "Lakini nilitaka sana kupanda, kaka. Nilitaka sana."

Florian akamkumbatia, wakalia pamoja.