Kalibu la Sikio Linaloitika

Hebu funga macho kidogo, ujenge picha. Chumba chembamba cha ghorofani, juu ya duka la dawa. Dirisha moja. Jua linazama na kuta zimeanza kupoteza rangi. Mwanamume ameketi kwenye kiti cha kinyozi, shingo wima, kijiti kimebanwa katikati ya meno. Masikio yake yote mawili yamejazwa mpira laini ambao bado haujakauka. Haruhusiwi kumeza mate. Haruhusiwi kucheka. Zaidi ya yote, haruhusiwi kusema.

Kisha, ndani ya ukimya huo, mtu anamwita.

Umeipata picha? Basi tulia, nikusimulie taratibu.

Mwanamume huyo alikuwa mkata lenzi. Kutwa alishinda kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, akisaga vioo kwa mashine inayolia kama nyigu. Masikio yaliyoteswa hivyo tangu asubuhi aliyapa raha jioni. Alikuwa na kicheza muziki, kidogo lakini kizito kama jiwe la kunolea, na visikilizio vya kila namna, yaani zile spika ndogo za kuchomeka masikioni. Jumamosi alikutana na wenziwe wenye ugonjwa huo huo wa muziki nyuma ya duka la mshona nguo. Walibadilishana visikilizio, kila mmoja akivifuta kwa spiriti kabla ya kumpa mwenzake, wakabishana kuhusu besi, ule mdundo mzito wa chini, kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu.

Mbishi mkuu walimzoea kwa jina la Waya, kwa kuwa aliapa kwamba waya wa fedha huimba vizuri kuliko wa shaba.

"Wewe bado unatumia vimpira vya dukani?" Waya alimsuta mkata lenzi mbele ya wote. "Hiyo ni kunusa ua huku umeziba pua! Kachongewe vya kwako, bwana, vinavyofuata tundu lako mwenyewe. Au hayo masikio umeazima?"

Wakaangua kicheko. Mkata lenzi hakucheka. Aliapa moyoni kwamba kabla mwezi haujaisha angemziba Waya mdomo.

Ndiyo maana jioni moja, alipotoka kazini, alipitia kwa fundi wa kalibu, yule anayechukua umbo la tundu la sikio kwa mpira.

Fundi alikuwa mama mkavu, mwenye mikono inayonuka gundi. Hakumkaribisha. Alikinyooshea kiti kidole. Akampachika kipande cha sponji ndani ya kila sikio, akampa kijiti.

"Uma. Usiachie mpaka nikitoe mimi. Taya likicheza, tundu la sikio linacheza nalo. Ukiongea, kalibu litashika umbo la kuongea."

"Sawa, mama."

"Na ukiitwa, usiitike."

"Nani ataniita, na masikio yenyewe umeyaziba?"

"Sikukuuliza. Nimekwambia usiitike."

Akaujaza mpira kwa bomba la sindano. Ulikuwa wa baridi. Ulitambaa ndani polepole, kama kitu kinachotafuta njia. Dunia ikazimika. Mkata lenzi alimwona fundi akigeuka kuosha vyombo, aliyaona maji yakitoka bombani, lakini hakusikia hata tone. Alisikia damu yake tu, ikipiga... ikipiga...

Kisha ikaja harufu. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, godoro likiwa limelowa ndani.

"Baba."

Ilikuwa sauti ya binti yake. Msichana wa darasa la kwanza, aliyemwacha nyumbani na mamake. Na haikutoka mlangoni. Haikutoka popote nje ya mpira ule.

Mdomo wa baba hausubiri ruhusa. Kijiti kilianguka mapajani.

"Naam?"

Akakiokota upesi, akakirudisha. Fundi hakuwa amegeuka. Lakini alipoyachomoa makalibu na kuliinua la kulia mbele ya dirisha, uso wake ulibadilika.

"Umeitika."

"Hapana. Nimekohoa."

"Mpira uliobaki hautoshi. Njoo ukifika mzigo mpya, turudie."

Mkata lenzi akamfikiria Waya na kicheko chake. "Mama, nakwambia nilikohoa. Tengeneza hivyo hivyo."

"Nakuuliza mara ya mwisho. Hukuitika?"

"Sikuitika."

Fundi akamtazama kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake. "Haya. Masikio ni yako."

Visikilizio vilipokamilika vilikuwa vyeusi, vinang'aa, vimejipinda kama korosho. Mkata lenzi alivichomeka akiwa amekaa barazani kwake. Cha kushoto kilikaa sawasawa. Cha kulia kikavujisha. Besi ilikuwa tupu, kama ngoma iliyopasuka ngozi. Akakisukuma, akakizungusha. Wapi! Kwa hasira akafungua mdomo atukane...

Besi ikajaa.

Alipofunga mdomo, ikatoweka. Akaufungua tena, kidogo, halafu zaidi. Ndipo akagundua kwamba kulikuwa na mkao mmoja tu wa mdomo uliokifanya kisikilizio kizibe sikio barabara. Mkao wa kusema "Naam".

Akalisema neno hilo, taratibu, akauacha mdomo ulivyo. Na alichosikia hakuwahi kukisikia tangu azaliwe. Alisikia kucha ya mpigaji ikigusa uzi kabla uzi haujalia. Alisikia mwimbaji akilamba midomo. Alisikia ukubwa wa chumba walichorekodia, na mlango wake, na mtu aliyesimama nyuma ya mlango huo.

Wimbo ukaisha.

"Baba."

"Naam," akasema, kwa sababu mdomo ulikuwa tayari umekaa hivyo.

Tangu hapo nyumba ikaharibika. Akirudi kutoka kazini, kiti cha barazani, visikilizio, mdomo wazi. Watu wa kwake wakimsemesha, hawakumpata. Kila baada ya wimbo aliitwa, na kila alipoitika, wimbo uliofuata ulikuwa mtamu zaidi.

"Bwana, hayo masikio umeyapangisha?" mkewe alimfokea, akichomoa kimoja. "Mwanao kakuita mpaka kachoka!"

"Nimemwitikia."

"Umeitikia ukuta! Umekaa hapo mdomo wazi, unamtia mtoto hofu. Kama huku ndiko kusikia, heri ningeolewa na kiziwi, angalau angenitazama!"

Akakirudisha kisikilizio sikioni. Mkewe akaondoka akibamiza mlango, na mlango haukusikika.

Aliyegundua ubaya wenyewe ni mkewe huyo huyo. Alikuja barazani magharibi moja akiwa amemshika mtoto mkono, na safari hii hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha mkata lenzi.

"Vitoe," alisema kwa sauti ya chini. Akavitoa. "Mwanangu, niite mimi."

"Mama."

"Mwite shangazi, ingawa hayupo."

"Shangazi!"

"Haya. Mwite huyu."

Mtoto alimtazama babake. Midomo yake ikakutana, ikaachana. Ikakutana, ikaachana. Hapakutoka kitu. Hata pumzi. Macho yakamjaa machozi, akajaribu tena, mishipa ya shingo ikimsimama, na neno lile moja halikuwemo.

Visikilizio vilikuwa mapajani mwa mkata lenzi. Muziki ulikuwa umezimwa.

"Baba," vikasema. Kwa udogo, kama mdudu ndani ya kiberiti. Lakini wote watatu walisikia.

Mtoto akaruka nyuma ya mama yake.

Hawakungoja kesho. Walitoka hivyo hivyo, mama na kanga begani, kwenda kwa fundi. Njiani mkewe alisema sentensi moja tu: "Mtoto huyu asipopata sauti yake, wewe na mimi tumemalizana."

Fundi alikuwa akifunga chumba. Alipoviona vile visikilizio, hakuuliza kilichotokea.

"Ulikohoa, siyo?"

"Mama, nisamehe. Niliitika."

"Sikusikii."

"Niliitika! Nilidanganya!"

"Ulinidanganya usoni, kwenye kiti changu!" Akakipiga teke kiti kikazunguka. "Kuna kitu huzunguka watu wakizibwa masikio. Aliyenifundisha kazi alinionya, na yeye alionywa na aliyemfundisha. Hakina sauti. Kinaazima ya mtu wako na kukuita nayo, kikujaribu. Usipoitika, kinairudisha, kinapita. Ukiitika, kinaiweka. Na wewe umeitika mara ngapi?"

Mkata lenzi akainama.

"Kaa. Mama mtoto, nendeni mkae kwenye benchi hapo nje. Wewe, utavivaa bila muziki. Utauma kijiti. Kitakuita kwa kila namna. Usiitike. Kikichoka, kitaitema sauti ya mtoto. Usiachie kijiti hata nikikuita mimi, mpaka nikitoe kwa mkono wangu."

Akakaa. Akauma. Akavichomeka.

Kimya.

Harufu ya godoro lililolowa ikaja mapema safari hii, nzito.

"Baba."

Akauma.

"Baba, si nakuita? Baba, mbona leo huitiki?"

Akauma zaidi.

"Mama ananipiga, Baba." Kilio. "Baba, nimeanguka, nina damu. Baba, giza. Baba! Baba!"

Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Kisha sauti ikaacha kulia. Ikawa ya binti yake bado, lakini ilisema kama mtu mzima mwenye chuki ya siku nyingi.

"Baba gani wewe? Yeye alikuita barazani kila jioni, hukugeuka. Mimi nilikuita mara moja tu, ukaja mbio. Mimi na yeye, nani mwanao?"

Mkata lenzi alilia machozi, lakini hakuitika. Kijiti kilianza kupasuka ndani ya meno. Sauti ikatukana. Ikabembeleza. Ikarudi kutukana, chini zaidi, mbali zaidi... ikawa kama mbu... ikaisha.

Harufu ikaondoka.

Na huko nje, kwenye benchi, mtoto akakohoa, akafungua mdomo, na neno likamtoka. Mama yake alipiga ukelele wa furaha. Mtoto akachoropoka mikononi mwake, akausukuma mlango, akaingia mbio hadi mbele ya kile kiti.

"Baba!"

Mkata lenzi alimwona. Aliuona mdomo ukicheza. Aliyaona mapengo ya meno ya mbele. Sauti ilimfikia kwa mbali kupitia visikilizio. Ni yeye? Ama ni kile, kimejifunza kuja na uso?

Akauma kijiti.

"Baba, nimeweza! Baba!"

Fundi alikuwa upande wa pili wa chumba. Aliacha chupa aliyokuwa ameishika, akaanza kuja, mkono mbele, akitoe kijiti. Alichelewa.

"Naam, mwanangu."

Mdomo wa mkata lenzi ulikuwa umefungwa kabisa. Ilikuwa sauti yake. Ile aliyoitoa mara nyingi barazani, nene, yenye upole, na ilitoka ndani ya masikio yake kwenda nje, ikajaa chumbani. Fundi aliisikia, na mama mtoto aliisikia akiwa mlangoni.

Mtoto akatabasamu. Lakini hakumtazama babake. Alitazama kando kidogo, kwenye pembe ya chumba, pale ambapo giza lilikuwa limeanza kukaa.

Fundi akavichomoa visikilizio, akavipondaponda kwa nyundo mpaka vikawa unga.

"Nilijua kinaita," alisema, bila kumtazama mtu. "Sikujua kwamba kinajua kuitika. Kimejifunza kwako, naam kwa naam."

Tangu siku hiyo hafungui mlango mtu akibisha magharibi.

Mtoto ni mzima. Anasoma, anacheza, anaimba, na sauti yake haina kasoro. Mama yake hakuondoka, ila huzungumza na mumewe kwa shida, kama anayempimia maneno. Na mkata lenzi hagusi tena kicheza muziki. Kila jioni hukaa barazani, masikio wazi, akingoja.

Huitwa. "Baba!" mtoto husema, akitoka ndani na daftari lake la shule. Lakini huwa anatazama kando. Mkata lenzi huruka kitini.

"Naam! Niko hapa, mwanangu. Nipo huku!"

Mtoto huinua kidole, kwa adabu, kumwomba anyamaze kidogo. Kisha huinamisha kichwa kama mtu anayesikilizia. Hutikisa kichwa kukubali. Hucheka. Halafu hurudi ndani, akiwa ameshajibiwa.

Basi nami nakuomba, ndugu yangu, ukumbuke jambo moja tu. Mtu wako akikuita, chomoa vya masikioni, mgeukie, umtazame, umwitikie kwa mdomo wako mwenyewe. Fanya hivyo mapema, kabla hajazoea kuitikiwa na mwingine.